Nyumba ya Kuchomwa

Karatasi ilitoka mkobani Alhamisi,
imekunjwa mara nne, ina doa la ndizi:
"Wapendwa wazazi. Jumatatu kila mtoto alete
nyumba ya zama za Moto Mkuu wa London.
Iwe na paa la nyasi, madirisha, mbao nyeusi nje.
Mzazi asaidie pale tu inapobidi."

Inapobidi.
Jabiri ana miaka sita.
Mkasi wenyewe anaushika kama anamkaba kuku.

Mwezi uliopita zilikuwa sayari, zote nane,
zikaning'inia jikoni hadi Zohali ikaangukia mchuzini.
Kabla ya hapo alikuja dubu wa darasa, mgeni wa wikendi,
na daftari la kuandikwa alikotembezwa.
Kwa wenzetu alipanda farasi, akaogelea, akala piza Birmingham.
Kwetu alikaa kwenye kochi akinitazama nikikunja nguo za kazini.
Nikaandika: "Dubu amepumzika."

Ijumaa nilikuwa ghalani, zamu ya usiku.
Jumamosi ghalani.
Jumapili nikaamka saa tisa alasiri, nikatoka mbio,
maana Wolverhampton Jumapili
maduka makubwa hufunga saa kumi.
Gundi nikapata. Rangi nyeusi imekwisha.
Mwanamke mbele yangu kwenye foleni
alikuwa nazo chupa tatu kikapuni.
Tukatazamana. Nilijua mwanawe yuko darasa gani.

Basi: boksi la viatu vya Zamda,
maboksi mawili ya nafaka
(nafaka tukaimimina kwenye sufuria la pilau),
vijiti vya aiskrimu,
ufagio tukaunyoa kupata nyasi za paa,
na dawa ya viatu ikawa rangi ya mbao.
Sebule ikanuka kama bweni siku ya gwaride.
Jabiri akapaka mbao mbili, akajipaka na nyusi,
saa mbili na nusu akalala, shavu juu ya kadibodi.
Zamda akambeba. Mlangoni akageuka:
"Nawe usikeshe. Mradi si wako."

Lakini nilikuwa nimeshafika ghorofa ya pili.

Kwetu Muheza nina nyumba imekomea kwenye linta,
huu mwaka wa saba.
Kila nikituma hela kuna mgonjwa, kuna ada, kuna msiba.
Mpapai umeota sebuleni;
fundi Sekiondo hunitumia picha ukizaa.
Kumbe usiku ule, saa saba na robo,
kwa mara ya kwanza maishani
nikapaua.

Nikainama, nikachungulia dirishani.
Mlikuwa na giza zuri mle ndani.
Nikakata mtu wa karatasi, nikamkalisha.

Jumatatu, manyunyu. Uwanja wa shule umejaa wazazi
wamekumbatia nyumba chini ya miavuli,
macho mekundu, hakuna anayesema.
Ya akina Jasleen ina taa zinazowaka.
Ya mwingine, naapa, ilitoka kwa seremala.
Callum peke yake alileta boksi tupu,
amelichora madirisha kwa kalamu, yote yamepinda,
nayo ndiyo nyumba pekee pale iliyojengwa na mtoto.
Haikupata kibandiko cha nyota.

Bi Pritchard akazipanga kama kichochoro. Akatushukuru.
Akasema wazimamoto wakifika saa nne,
wataziwasha.

Wataziwasha nini?

Nikaitoa karatasi mfukoni, nikaigeuza, upande nisiousoma:
"Nyumba zitachomwa, ili watoto waelewe."

Walielewa. Walipiga makofi.
Ya Jasleen iliteketea na taa zake zikiwaka.
Yetu ilichelewa kushika, gundi mbichi, mvua,
na Jabiri anaruka na nyusi zake nyeusi:
"Yetu bado! Baba, yetu bado imesimama!"

Kisha moto ukaionja dawa ya viatu.

Nikamkumbuka yule mtu wa karatasi.

Kwenye basi nikampigia Sekiondo.
"Mabati," nikamwambia, "geji ishirini na nane,
yamefika bei gani siku hizi?"
Akauliza kulikoni, mbona nakohoa.
Nikamwambia moshi.